Wepesi Nao Huundwa

Kuna maneno mawili ambayo sisi watu wa mjini huyatumia upesi mno. La kwanza ni "huyu amezaliwa nacho". La pili ni "huyu amejitakia mwenyewe". La kwanza tunalisema tunapoona mtu anafanya jambo gumu bila ya shida. La pili tunalisema tunapoona mtu amechagua njia mbaya. Katika mazungumzo ya juma hili nataka tuyatazame maneno hayo kwa pamoja, kwa sababu naamini kosa lililomo ndani yake ni moja.

Nitayatazama nikiwa upande wa Kusini, katika pwani ya Kilwa hadi Lindi. Sababu yangu ni kwamba pwani hiyo imesemwa vya kutosha. Kaa katika kijiwe chochote cha Dar es Salaam, likitajwa jina la Kilwa hutakosa msemaji. Watu wa Kusini hawapendi shule. Watu wa Kusini wavivu. Wamekaa na bahari na korosho tangu enzi, na bado maskini. Msemaji hutoa hukumu hiyo huku anakoroga chai, na wenzake huitikia kwa kichwa.

Lakini wazee wa pwani hiyo hiyo walikwisha kutupa methali ya kupimia hukumu kama hizo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu aliyesimama ufukweni huona jahazi limefunga tanga na linakata maji kama vile halina uzito. Haoni miezi ambayo fundi alitafuta mbao, akalaza mkuku, akapanga mataruma, akasindilia pamba katika nyufa. Wepesi anaouona majini ulitengenezwa nchi kavu, kwa jasho la mtu. Nasema hivyo ndivyo ulivyo uwezo wa mtu, na hivyo ndivyo ulivyo uchaguzi wa mtu. Ukiona jambo limekuwa jepesi, uliza nani aliliunda. Na ukiona limekuwa zito, uliza swali hilo hilo.

Tuanze na uwezo. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali sana, na miamba ya Songo Songo na kandokando ya Kilwa hubaki wazi. Hapo ndipo kina mama na vijana huteremka na fimbo zenye ncha ya chuma kutafuta pweza. Nimewahi kutembea nao. Nilichokiona mimi ni mawe, vidimbwi, majani ya bahari, na mawe tena. Mama aliyekuwa mbele yangu alipita hatua kumi, akasimama, akaingiza fimbo katika tundu ambalo mimi nilikwisha kulipita, na pweza akatoka.

Je, mama yule amezaliwa na macho ya pweza? Hapana. Ukimwuliza atakueleza. Pweza ni mnyama msafi: husafisha mlango wa tundu lake na kutupa nje maganda ya kaa na kome aliokula. Basi mama hatafuti pweza, anatafuta takataka za pweza. Anatafuta jiwe ambalo halikukaa kama majirani zake. Alianza kuyatazama hayo akiwa mtoto mdogo, anamfuata mama yake na kubeba kapu. Leo hahitaji tena kufikiri. Jicho lake limefikiri kabla yake. Sisi tunaona mwisho wa kazi ya miaka ishirini, tunasema ni kipaji.

Wataalamu wamelipima jambo hili katika maabara. Katika mwaka 1946 Mholanzi mmoja, Adriaan de Groot, alichapisha uchunguzi wake juu ya wachezaji wa sataranji, mchezo ambao vijana wengi huuita chesi. Baadaye, mwaka 1973, Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, waliliendeleza. Walimwonyesha bingwa ubao wenye sosi kama ishirini na tano, zilizopangwa kama zinavyokuwa katikati ya mchezo wa kweli. Baada ya sekunde tano waliufunika, wakamwambia azipange upya kwa kumbukumbu. Bingwa alizirudisha zaidi ya nusu. Mwanafunzi alirudisha nne tu, au zaidi kidogo.

Hadi hapo mtu atasema: naam, bingwa ana akili nyingi. Lakini wataalamu wale walifanya jambo la pili. Walizimwaga sosi zile ubaoni ovyo, bila ya mpango wowote wa mchezo, wakarudia mtihani. Safari hii bingwa na mwanafunzi walikuwa karibu sawasawa. Kumbe bingwa hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko watu wengine. Alikuwa na maelfu ya picha za michezo iliyopita, na kila alichokiona kilikuwa kinafanana na kitu alichokwisha kukiona.

Wale wanaokaa barazani na ubao wa bao wanalijua hili bila ya maabara. Mashimo ni 32 na kete ni 64. Anayejifunza huhesabu shimo kwa shimo kwa kidole, na akifika nusu ya safari amesahau alikotoka. Fundi wa bao hutazama mara moja akajua mkono utazunguka wapi na utalala wapi. Umahiri huo ulimvuta Mholanzi mwingine, Alex de Voogt, aliyekwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao na kuandika juu yao utafiti mzima, uliotolewa mwaka 1995. Mzee wa Kilwa Kivinje anayekufunga bao huku anazungumza na muuza kahawa hana ubongo wa aina nyingine. Ana baraza ya aina nyingine: baraza ambayo amekaa kila alasiri tangu ujana wake.

Sitaki nionekane kwamba nasema miili yote ni sawa. Si sawa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba Wabajau wa Indonesia, watu ambao kwa karne nyingi wameishi kwa kupiga mbizi, wana bandama kubwa kuliko majirani zao, na kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Bandama huhifadhi damu inayomsaidia mpiga mbizi kukaa chini. Kwa hiyo kuzaliwa nacho kupo.

Lakini sikilizeni habari ya watu wengine wa bahari. Wamoken wanaishi katika visiwa vya Thailand na Burma. Mwaka 2003 mtafiti kutoka Sweden, Anna Gislén, alieleza kwamba watoto wa Kimoken huona chini ya maji mara mbili zaidi ya watoto wa Ulaya. Hawavai miwani wala kioo chochote. Wamezoea tu kuibana mboni ya jicho wakiwa majini. Watu wangeweza kusema hiyo ni damu yao. Mtafiti huyo hakuridhika. Aliwachukua watoto wa Sweden, akawafundisha kwa muda, na mwishowe nao wakaona kama Wamoken. Kilichoonekana kuwa ni damu kilikuwa ni mazoezi.

Tena hatuna haja ya kufika Thailand. Ingia katika nyumba yoyote ya pwani yetu, iwe Kilwa Masoko au Lindi mjini, ukawatazame kaka na dada waliozaliwa tumbo moja. Mara nyingi kaka anaogelea kama samaki, na dada akitumbukia penye kina atazama. Damu ni moja, nyumba ni moja, bahari ni moja. Kilichotofautiana ni ruhusa. Mvulana wa miaka sita akitoroka kwenda kuogelea huitwa mtundu. Msichana akifanya hivyo huitwa jina jingine. Akifika miaka ishirini tunasema wanawake hawana uwezo wa maji.

Na hili si jambo la mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu wakafa. Katika kisiwa cha Unguja, upande wa Nungwi, mradi uitwao Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kujisitiri mwili mzima, na wasichana hao wameogelea. Walikosa nguo inayofaa, mwalimu, na mzazi aliyesema ndiyo. Vilipopatikana vitu hivyo vitatu, uwezo ule uliosemekana haupo ukaonekana.

Sasa twende kwenye masikio. Mgeni kutoka Ulaya akijifunza Kiswahili huhangaika na tofauti ya "ng'ombe" na "ngoma". Ukimtamkia mara kumi bado atakutazama. Mtoto wa Kilwa wa miaka miwili hana shida hiyo hata kidogo. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walionyesha kwamba mtoto mchanga wa miezi sita husikia tofauti za sauti hata za lugha asizozijua. Akikaribia mwaka mmoja uwezo huo hupungua, na sikio hubaki na zile za lugha ya nyumbani. Maana yake ni kwamba wepesi una bei. Sikio linalofunguka kwa lugha moja hujifunga kwa nyingine.

Ndiyo sababu lugha nyingi za Kibantu zisizotenganisha "r" na "l" huwafanya wasemaji wake waseme "kula" mahali pa "kura", na sisi tunacheka. Tunacheka sikio lililofanya kazi yake vizuri.

Kicheko hicho huwa na madhara makubwa zaidi kinapoingia darasani. Katika shule zetu za msingi za serikali, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967. Mtoto akivuka kwenda sekondari, hesabu, baiolojia na historia zinageuka Kiingereza. Mtoto wa mjini ambaye wazazi wake wana redio, televisheni, vitabu na kaka wa chuo kikuu huvuka mto huo kwa daraja. Mtoto wa Somanga huvuka kwa kuogelea. Jana alikuwa anaeleza vizuri jinsi mkoko unavyozaa, leo ananyamaza, na mwalimu anaandika katika ripoti: hana bidii. Yule mtoto hakupoteza akili wakati wa likizo. Ameondolewa chombo chake cha kufikiria, akapewa kingine ambacho bado hajaonyeshwa pa kukishika.

Hapa naomba tuvuke kutoka kwenye uwezo kwenda kwenye uchaguzi, kwani watu wengi watakubali niliyosema mpaka sasa, kisha waseme: lakini kuchagua kila mtu anaweza. Ukiwa na pesa unaweka akiba au unakula. Ukiwa mgonjwa unakwenda hospitali au unakaa. Hapo hakuna mazoezi, kuna nia tu.

Nasema hapana. Uchaguzi nao huelea kwa sababu umeundwa.

Mtazameni mkulima wa korosho. Mikorosho yake hushambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua. Dawa inayojulikana na wakulima wote ni salfa, na lazima ipulizwe wakati mikorosho inachanua, karibu na mwezi wa Juni mpaka Agosti. Lakini korosho huvunwa na kuuzwa kuanzia Oktoba. Basi hesabuni wenyewe. Dawa inatakiwa wakati fedha za msimu uliopita zimekwisha kwenda kwenye ada, mazishi, harusi na deni la dukani. Mkulima anayeshindwa kununua salfa mwezi wa Julai anaijua faida yake kuliko mimi na wewe. Kalenda ndiyo imemkalia vibaya.

Jirani zetu wa Kenya walifanyiwa uchunguzi juu ya jambo kama hilo. Katika wilaya ya Busia wakulima wengi walikuwa wanajua faida ya mbolea, tena wanasema watainunua msimu ujao, na msimu ukifika hawanunui. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuatia mara tu baada ya mavuno, fedha zingali mkononi, wakawapa nafasi ya kulipia mbolea siku hiyo na kuletewa nyumbani bure wakati wa kuitumia. Wanunuzi waliongezeka sana. Uchunguzi huo uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nafasi hiyo ndogo ilifanya kazi karibu sawa na kupunguza bei ya mbolea kwa nusu baadaye katika msimu. Mkulima hakuhubiriwa juu ya uvivu. Uchaguzi ulisogezwa tu mpaka siku ambayo mkono ulikuwa unaweza kuubeba. Na huku kwetu, miaka ambayo salfa iligawiwa bila malipo, hakuna aliyewasikia wakulima wa Lindi wakisema hawaitaki.

Tuje kwenye hospitali. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya kina mama wajawazito, wakataja ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa kuamua kwenda. Wa pili ni wa kufika. Wa tatu ni wa kuhudumiwa baada ya kufika. Wakaeleza jambo ambalo ni la kukumbukwa: watu huamua wakiwa wamekwisha kuzijua taabu za njiani na za huko waendako. Mwanamke aliyeko kisiwani, uchungu umemshika usiku, kusi inavuma, boti ni ya kukodi na mafuta ni ya kununua, akiamua kumwita mkunga wa jirani, sisi tunasema amechagua mila. Mwenzake wa Kariakoo anachukua bajaji. Wote wawili wameitwa watu waliochagua. Lakini mmoja ameinua kijiti, mwingine ameambiwa ainue gogo.

Na hao wa bara ya Kilwa nao walikuwa na gogo lao. Kabla ya mwaka 2003 aliyetaka kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi kwa barabara alivuka Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika gari lingeweza kukwama matopeni siku nyingi. Mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilisubiri lami zaidi ya miaka kumi baada ya hapo. Barabara ilipokamilika, samaki, ufuta na abiria walianza kufika Dar siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wale wale. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipokata barabara hiyo upande wa Kilwa, mambo yaliyokwisha kuwa mepesi yalirudi kuwa mazito kwa usiku mmoja, na tulio mjini tuliliona hilo katika bei ya vitu.

Hata shule ni vivyo hivyo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulihimiza kila kata iwe na shule yake ya sekondari. Kabla ya hapo, mzazi wa kijiji cha mbali ambaye mtoto wake alifaulu alikuwa anachagua kati ya kumwacha nyumbani na kumpeleka msichana wa miaka 14 akapange chumba mjini, katika yale yanayoitwa mageto, ajipikie na ajilinde mwenyewe. Mzazi aliyesema hapana tulimwandika katika daftari la wasiopenda shule. Je, wewe unayesoma gazeti hili ungemwachia binti yako chumba cha kupanga?

Kuna uundaji mwingine ambao si wa barabara wala wa fedha. Ni wa watu kwa watu. Turudi kwa pweza. Pweza hukua haraka mno; akiwa mdogo anaweza kukaribia kuongeza uzito wake maradufu kwa mwezi mmoja. Kila mvuvi anajua kwamba akimwacha leo, atamkuta mkubwa baada ya miezi miwili. Lakini pia anajua kwamba akimwacha leo, jirani yake atamchukua jioni. Basi mtu mwenye subira peke yake si mwenye hekima, ni mwenye njaa. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa, kisha wakaifungua wote siku moja. Walipata pweza wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Mtindo huo umefika pia katika visiwa vyetu, vikiwemo Pemba na Mafia. Subira ambayo ilikuwa haimwezekani mtu mmoja imewawezekana watu mia. Hawakupata moyo mpya. Wamepata tarehe, mlinzi na makubaliano.

Lakini tusisahau upande wa pili. Ubaya nao huundwa ukawa mwepesi. Uvuvi wa baruti umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, na hata hivyo kwa miaka mingi milio yake ilisikika Kilwa kama mahali pengine pa pwani. Kwa nini? Kwa sababu baruti ilipatikana, mnunuzi alikuwa anangojea asiulize swali, na aliyekamatwa alirudi nyumbani upesi. Kuvunja mwamba uliochukua karne kukua kulikuwa kazi ya dakika moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 operesheni za vyombo vya dola ziliupunguza sana uvuvi huo. Wavuvi hawakugeuka malaika. Njia ile iliyokuwa tambarare ilitiwa miiba.

Nasikia mtu ananiuliza: basi hakuna mvivu duniani? Hakuna wa kulaumiwa? Wapo. Weka watu wawili kwenye njia moja, wape jembe moja na siku moja, bado mmoja atalima na mwingine atalala. Huyo wa kulala alaumiwe. Lakini kulaumu kuna masharti yake: kwanza uhakikishe kwamba njia ilikuwa moja. Asiyeuliza swali hilo anapima mbio za watu wawili bila ya kutazama kwamba mmoja amebeba mzigo kichwani.

Na wale wanaosema watu wa Kusini wameumbwa hivyo, nawakumbusha jambo moja la historia. Pepo za kaskazi na kusi ziliwawezesha mabaharia wa Uarabuni na Bara Hindi kufika Kilwa na kurudi kwao, lakini kwenda kusini zaidi na kurudi katika mwaka mmoja kulikuwa kugumu. Hivyo dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Wakati huo Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, ikajenga Husuni Kubwa na msikiti mkubwa ambao kuta zake zimesimama hadi leo, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri sana. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia na kuupora, na biashara ya dhahabu ikachukua njia nyingine. Mtoto wa leo wa Kilwa Kisiwani anacheza kwenye magofu ya watu wa kwao. Kilichohama ni njia ya dhahabu, wala si akili ya watu.

Basi tufanye nini sisi wasomaji wa mjini? Kwanza, tuondoe nyumbani kwetu ule usemi wa "mtoto huyu hana kichwa cha hesabu". Mtoto anayeshindwa hesabu amekosa mwanzo mahali fulani, kama yule anayehesabu kete kwa kidole. Mrudishe alipokosea, umpe muda, uone. Pili, unapotaka kujirekebisha mwenyewe, usijitukane, badili njia. Anayeshindwa kuweka akiba aiweke siku ya mshahara asubuhi, kabla fedha haijaonana na marafiki. Anayeshindwa peke yake aingie katika kikundi, kama wanavyofanya kina mama wa upatu, ambako aibu ya kukosa ni nzito kuliko kishawishi cha kula.

Tatu, na hili ni la wale wenye madaraka, kila mnapotaka wananchi wachague jambo jema, msianze na hotuba. Anzeni kwa kutembea kwenye njia ya kulifikia. Ihesabuni kwa saa, kwa nauli, kwa msimu na kwa lugha. Mkikuta mwananchi amesimama njiani, tazameni kilichomsimamisha kabla ya kumwuliza kwa nini hapendi maendeleo.

Mafundi wa vyombo wa pwani hawakutegemea chombo kielee kwa nia. Walijua kwamba chombo kikivuja, kosa si la bahari, wala si la abiria. Walikivuta pwani, wakatafuta ufa, wakauziba.